Msiba Uliolinda Mashamba

Mazishi yamekwisha, wanaume wamepelekewa sharubati ya limau uani wasije wakapita ndani, na mjane wa miaka 60 anawatangazia binti zake watano kwamba msiba wa nyumba hii utakaliwa miaka 8. Muda wote huo milango na madirisha yahesabiwe kuwa yamezibwa kwa matofali. Kazi yao iwe kukata mashuka na kuyatarizi, kila mmoja akijiandalia vitu vya kwenda navyo kwa mume ambaye hajaonekana. Ndivyo inavyoanza La casa de Bernarda Alba, tamthilia ya mwisho ya Federico García Lorca, aliyoimaliza tarehe 19 Juni 1936, miezi miwili kabla ya kupigwa risasi nje ya Granada. Watazamaji wengi hutoka ukumbini wakimlaani Bernarda, kana kwamba balaa yote ilitoka katika roho yake mbaya. Kwa maoni yangu, laana hiyo inamwachia mtuhumiwa mkubwa zaidi aende zake. Miaka 8 ile haikuamriwa na kanisa wala mahakama, na huzuni haionekani kuhusika sana. Ukiisoma tamthilia huku sheria za Hispania za wakati ule ziko mezani, msiba wa Bernarda unaonekana kuwa mbinu ya familia yenye ardhi ya wastani na mabinti wengi: kuchelewesha siku ambayo kila binti angetoka mlangoni na fungu lake.

Desturi yenyewe ni ya kale, na watawala wa Hispania waliipiga vita zaidi ya mara moja. Mwaka 1502 Isabel na Fernando walitoa amri ya kupunguza mishumaa na mavazi ya wafiwa, kwa kuwa watu walikuwa wakitumia mali nyingi katika kuzika. Mwaka 1723 Felipe V alilirudia jambo hilohilo, na amri inayorudiwa baada ya karne mbili ni ushahidi kwamba ile ya kwanza haikutiiwa. Kanuni ya kiraia ya mwaka 1889, iliyokuwa ikitumika katika maisha yote ya Lorca, nayo iliweka muda wa kungoja kwa mjane: kifungu cha 45 kilimzuia kuolewa tena kabla ya siku 301 kupita, ili akizaliwa mtoto ijulikane ni wa nani. Msomaji anayeifahamu eda hahitaji maelezo zaidi. Eda ni miezi minne na siku kumi, inamhusu mke, na ikiisha imeisha. Siku 301 za Wahispania nazo hazitimizi mwaka. Sasa linganisha na zaidi ya siku 2,900 za Bernarda, tena akiwatwika mabinti, watu ambao sheria haikuwataka wamkalie baba yao ndani hata siku moja. Akiulizwa anatoa hoja moja tu: ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwa baba yake na kwa babu yake. Hamtaji padri, wala hamtaji Mungu.

Wapo wanaolimaliza swali la asili ya desturi hii kwa njia ya mkato. Andalusia ilitawaliwa na Waislamu tangu mwaka 711, na Granada haikuanguka hadi 1492. Basi madirisha ya nondo na wanawake wa kufungiwa ni mabaki ya Wamoro. Maelezo haya yamependwa sana na wasafiri kutoka kaskazini mwa Ulaya, kwa sababu yanawaondolea kazi ya kutazama mambo ya karibu. Yana kasoro tatu. Kwanza, mafundisho ya Uislamu yenyewe yanamkataza mwanamke kumwombolezea maiti zaidi ya siku tatu, isipokuwa mumewe. Kwa kipimo hicho miaka 8 kwa ajili ya baba ingekuwa dhambi. Pili, mwanamke aliyeanza kuvaa nyeusi ujanani na kuzikwa nayo alionekana vilevile Galicia na Asturias, kaskazini kabisa, ambako utawala wa Kiislamu haukukaa. Tatu, Waislamu waliobatizwa wa Granada walitawanywa baada ya uasi wa 1568 hadi 1571, na wale waliobaki Hispania nzima wakafukuzwa kati ya 1609 na 1614. Mashamba yao wakapewa Wakristo waliohamishwa kutoka mikoa mingine. Babu anayetajwa na Bernarda ana uwezekano mkubwa wa kuwa mzao wa wahamiaji hao kuliko wa Wamoro.

Sheria inatupeleka mahali penye manufaa zaidi. Kifungu cha 320 cha kanuni ya 1889 kiliweka umri wa utu uzima kuwa miaka 23. Kifungu kilichofuata kikatoa kwa mkono wa pili kilichotolewa na wa kwanza: binti aliyekwisha kuwa mtu mzima lakini hajafika miaka 25 hakuruhusiwa kuhama nyumbani kwa wazazi bila idhini yao, labda awe anaolewa au anaingia utawa, au mzazi anayeishi naye awe ameoa au ameolewa upya. Mwana wa kiume hakuwekewa sharti hilo. Lorca ametaja umri wa kila mhusika mwanzoni mwa maandishi yake, kwa hiyo tunaweza kupiga hesabu. Adela ana miaka 20 na Martirio 24. Hao wawili wako mikononi mwa mama yao kisheria. Amelia ana 27, Magdalena 30, Angustias 39. Watatu hao wangeweza kutoka asubuhi yoyote, na askari asingekuwa na haki ya kuwarudisha. Hawatoki. Hapa ndipo anayeilaumu sheria peke yake anapokwama, maana sheria ilifunga mlango kwa wawili tu. Waliobaki walifungwa na swali la kwenda wapi na kula nini. Mwanamke wa daraja lao hakufundishwa kazi ya kumpa mshahara, na kuajiriwa kupika au kufua katika nyumba ya jirani kungekuwa fedheha kubwa kuliko kufungiwa. Magdalena anasema afadhali angebeba magunia kwenda kinuni kuliko kukaa siku nenda siku rudi katika chumba cha giza. Anajua kwamba kubeba magunia ni kazi ya wanaume na ya watu wa chini, na yeye si wa kundi lolote kati ya hayo.

Bernarda naye alipata wapi uwezo wa baba? Swali hili huulizwa mara kwa mara na wale wanaoshangaa kwamba tamthilia ya mateso ya wanawake haimwonyeshi mwanamume hata mmoja jukwaani. Kanuni iliweka mamlaka juu ya watoto mikononi mwa baba, na asipokuwapo, mama. Lakini kifungu cha 168 kiliongeza kwamba mama akiolewa tena anaipoteza mamlaka hiyo, isipokuwa marehemu mumewe awe ameruhusu jambo hilo waziwazi katika wosia. Baba aliyeoa tena hakupoteza kitu. Kwa maneno mengine, enzi ya mjane ilikuwa na sharti: abaki mjane. Bernarda alikwisha kufiwa na mume wa kwanza, baba wa Angustias, akaolewa na Antonio María Benavides, akazaa naye mabinti wanne. Sasa ni mjane kwa mara ya pili, mwenye nyumba na mwenye sauti. Nguo nyeusi kwake ni kama cheti cha madaraka. Kumwita dikteta ni sahihi, ilimradi tukumbuke kwamba kiti alichokalia alikikuta kimekwisha kutengenezwa na wanaume, na kwamba aliweza kukikalia kwa sababu tu hakukuwa na mwanamume wa kukikalia.

Tufike kwenye mali. Chini ya kanuni ileile, theluthi mbili za urithi wa mzazi zilikuwa za watoto kwa lazima. Theluthi moja tu ndiyo aliyoweza kumwachia amtakaye. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume ilikuwa na maana kwamba kila kipande cha ardhi kitahamia kwenye jina la familia nyingine pindi binti anapoolewa. Zaidi ya hapo, kifungu cha 1340 kilimlazimisha mzazi aliye hai kumpa binti yake mali ya kuingia nayo katika ndoa. Kule mali ilitoka upande wa binti kwenda upande wa mume, kinyume cha mahari yetu, na kiasi chake kilikuwa nusu ya fungu lake la lazima la urithi. Mabinti wanne wa Benavides wakiolewa ndani ya miaka michache, Bernarda angepaswa kutoa mara nne, angali hai na mashamba bado yanamhitaji. Hesabu za mirathi zimekwisha kupigwa kabla ya tendo la kwanza kwisha, na watumishi wanazijua: Angustias ana utajiri alioachiwa na baba yake, wengine wana vitambaa vizuri na urithi mdogo. Kukaa msibani miaka 8 kulimpa mama huyo nafasi ya kupumua.

Mtu anaweza kusema kwamba namsingizia Bernarda hesabu ambazo hazimo kinywani mwake. Ni kweli hatamki vifungu. Lakini tazama anavyofanya na Angustias. Maziko hayajapoa, na msiba wa miaka 8 umetangazwa siku hiyohiyo. Bado, Pepe el Romano, kijana wa miaka 25 mwenye sura nzuri kuliko wote kijijini, anaruhusiwa kumposa Angustias mwenye miaka 39, mgonjwamgonjwa, na kuja kuzungumza naye usiku kwenye dirisha lenye nondo, kama ilivyokuwa mila ya uchumba ya Andalusia. Dirisha lililozibwa kwa matofali limefunguka kwa mtu mmoja. Kwa nini yeye? Kifungu cha 1341 kilisema kwamba binti mwenye mali yake inayotosha, mzazi haimpasi kumpa chochote. Angustias ndiye pekee ambaye harusi yake haimgharimu Bernarda hata kipande cha shamba. Msiba ulilegea pale pale ambapo fedha hazikudaiwa, na hakuna aliyeuona ukinzani huo ndani ya nyumba, kwa kuwa wote walikuwa wamelelewa katika hesabu hiyo.

Kwa Martirio mambo yalikwenda kinyume. Aliwahi kuwa na mtu wa kumtaka, Enrique Humanes, akamngoja usiku mmoja dirishani akiwa na shumizi, asimwone. Msichana aliamini kwamba amekataliwa kwa ubaya wa sura yake. Baadaye tunajua kwamba Bernarda ndiye aliyemtumia Enrique ujumbe asije, kwa sababu baba yake alikuwa mfanyakazi wa kulima kwa malipo. Sidhani kama kuna sehemu nyingine inayoeleza vizuri zaidi jinsi ugomvi wa ndani ya familia ulivyopandwa na mgawanyo wa matabaka ya nje. Martirio anaiba picha ya Pepe kwa dada yake, anamvizia mdogo wake Adela gizani, na mwishoni anatamka uongo unaomwua. Wivu wake ni wa kweli, lakini ulikuzwa na uamuzi uliotolewa kwa ajili ya heshima ya ardhi, na yeye mwenyewe hakuambiwa. Mama aliyekataa mchumba mmoja na kumfungulia dirisha mwingine alikuwa amegeuza mabinti watano kuwa washindani wa tundu moja la kutokea.

Tundu hilo lina saa zake. Katika tendo la pili dada wanashona na kuzungumza, na Amelia anasema alimsikia Pepe akikohoa na farasi wake akiondoka kama saa saba na nusu usiku. Angustias anakubali. Poncia, mtumishi aliyekaa katika nyumba hiyo miaka 30, anasema yeye alimsikia akienda zake saa kumi alfajiri. Kimya kinatanda. Katika muda huo wa saa mbili na nusu Pepe alikuwa kwa Adela. Nyumba iliyojengwa ili chochote kisipite ilikuwa na watu sita wanaosikiliza kwato za farasi kila usiku, na kila mmoja akajua sehemu ya siri. Kumfungia mtu humzidishia masikio, na ndivyo ulinzi wa Bernarda ulivyozalisha kashfa uliyokusudia kuizuia.

Mtunzi hakuwa mgeni wa mambo haya. Lorca alizaliwa Fuente Vaqueros mwaka 1898, akakulia kwa sehemu katika kijiji jirani cha Asquerosa, kinachoitwa Valderrubio tangu 1943, kwenye uwanda wenye rutuba wa Granada. Kilimo cha viazisukari kilikuwa kimewatajirisha wakulima wa kule tangu miaka ya 1880, na zaidi baada ya Hispania kuipoteza Cuba. Baba yake alikuwa mmoja wa walionufaika. Mke wake wa kwanza, Matilde Palacios, alitoka katika familia ya wenye mali na alifariki mwaka 1894 bila mtoto. Ndoa hiyo ilimpa msingi wa kununua mashamba, kisha mwaka 1897 akamwoa mwalimu wa shule, Vicenta Lorca, mama wa mshairi. Mtoto aliyelelewa kwa mali iliyoingia kwa njia ya ndoa aliweza kuuelewa uchumba wa Pepe na Angustias bila kufundishwa na mtu. Katika nyumba iliyopakana na ya jamaa zake kijijini aliishi mwanamke aliyeitwa Frasquita Alba, aliyeolewa mara mbili, na nyumba hizo mbili zilitumia kisima kimoja kilichogawanywa na ukuta, hata maneno ya upande wa pili yakasikika.

Jambo hili limeleta pingamizi zito kuliko yote. Frasquita Alba wa kweli alifariki mwaka 1924, na mume wake wa pili alikuwa bado hai. Hakuwa mjane dhalimu wa jukwaani. Alikuwa na watoto wa kiume pia. Ukoo wake ulikuwa na kila sababu ya kuchukia jina lao kutumiwa, na mama wa Lorca mwenyewe alimwomba alibadilishe. Je, hati ya namna hii inaweza kutumiwa na mwanahistoria, hata kama mtunzi aliandika mwanzoni kwamba alikusudia iwe kama picha ya kamera? Naona inafaa, na hasa pale alipobadilisha. Mtu anayetunga kwa kinyongo angeongeza maovu. Lorca aliondoa watoto wa kiume na kumwua mume. Akabakiza nyumba ambayo ardhi yake haina mrithi wa kuishikilia na ambayo mamlaka ya baba yamemwangukia mwanamke. Hayo ni mazingira ambamo sheria ya 1889 inauma kwa meno yote. Miaka 8 ameitia chumvi, sina shaka. Mwelekeo wa mambo hakuubuni.

Heshima nayo haikuwa kitu cha hewani. Mwishoni mwa tendo la pili umati unamburuta barabarani binti wa Librada, asiyeolewa, aliyezaa akamwua mtoto wake kuficha aibu. Bernarda anapiga kelele auawe kabla askari hawajafika, na Adela anajishika tumbo. Kanuni ya adhabu ya 1870, katika kifungu cha 438, ilimpa mume aliyemfumania na kumwua mke wake adhabu ya kufukuzwa mahali alipoishi tu, na ikampa baba nafuu hiyohiyo kwa binti chini ya miaka 23 anayeishi kwake. Kanuni ya kiraia nayo, katika kifungu cha 853, iliruhusu kumnyima urithi binti aliyeingia ukahaba. Mwana wa kiume hakuandikiwa kosa la namna hiyo. Mwili wa binti na fungu lake la mali vilisomwa katika kitabu kimoja. Ndiyo maana Bernarda anamwambia mtumishi asimwache mama yake mzee, María Josefa, asogee karibu na kisima. Haogopi atatumbukia. Anaogopa kwamba pale majirani watamwona. Na ndiyo maana Adela anapojinyonga, mama yake anaamuru isemwe kwamba amekufa bikira. Mabinti wanne bado wako ndani, na jina la nyumba bado lina bei.

Itasemwa kwamba maskini nao walikuwa na heshima yao na walivaa nyeusi. Walivaa. Ila mke wa kibarua aliyeokota zeituni au aliyefua nguo za watu asingeweza kujifungia miaka 8, maana wiki ya pili watoto wangelala njaa. Rangi ya msiba ilikuwa ya wote. Kufunga mlango kuliwezekana kwa wenye ghala. Katika nyumba ya Bernarda yenyewe mtumishi wa chini anagombea makombo siku ya mazishi ya tajiri aliyekuwa akimvizia nyuma ya zizi, na hakuna anayefikiria kumfungia yeye kwa ajili ya sifa yake.

Siku hizi wengi humwona dikteta Franco katika Bernarda. Tafsiri hiyo ina nguvu jukwaani, ila kalenda inaikataa kama nia ya mtunzi, kwa kuwa uasi wa wanajeshi ulianza tarehe 17 Julai 1936, karibu mwezi mmoja baada ya maandishi kukamilika. Lorca alikuwa akitazama wenye mali wa Granada, ambao mwezi huohuo wa Juni aliliambia gazeti la El Sol kwamba ni tabaka baya kuliko yote nchini. Aliandika pia wakati ambapo Jamhuri ilikwisha kuwapa wanawake kura katika katiba ya 1931, talaka mwaka 1932, na kufuta mwaka huohuo nafuu ya wauaji wa wake, huku kifungu cha 321 kikiachwa kama kilivyo. Franco aliirudisha nafuu ile mwaka 1944. Tamthilia ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Buenos Aires tarehe 8 Machi 1945, Margarita Xirgu akiwa Bernarda. Juan Antonio Bardem alipoipandisha katika ukumbi wa Goya, Madrid, Januari 1964, umri wa utu uzima ulikuwa umeshushwa hadi miaka 21, ila sharti la mabinti lilibaki palepale. Msichana wa miaka 24 aliyenunua tiketi usiku ule, awe mwalimu au karani mwenye mshahara wake, alihitaji idhini ya mzazi ili kupanga chumba cha peke yake, na aliihitaji hadi sheria ya Julai 1972 ilipoliondoa sharti hilo.